Re: Kijana wetu anarudi toka jeshini, tumpokeeje?

Wapendwa habari za jioni. Mwanangu wa kwanza yuko jeshi la Marekani, alipelekwa Kuwait na sasa kikosi chao kinarudi, halafu mkataba wake nao unakaribia kuisha. Bibi yake Tanga ananipigia kila siku anauliza tarehe, na ukoo wa hapa Texas washaanza kutaja kamati, michango na ukumbi. Mliopitia hili nishaurini.

---

Dada hongera sana, umelea. Sie tulimpokea mpwa wangu, kwahiyo nakwambia nilichoona. Tarehe ya ndege usiiweke Facebook wala group la ukoo, jeshi lenyewe linawaomba familia wasitangaze na isitoshe zinabadilika mpaka dakika ya mwisho, bibi mwambie tu yuko njiani. Siku yenyewe mtakaa kwenye jimu au hangari kambini, wataingia kwa gwaride, mkubwa wao ataongea kidogo halafu wanaachiwa na hapo kila mtu anamkimbilia wake. Nenda na kanga. Dada zangu walimtandikia kanga pale chini akapita juu yake na buti zake, vigelegele hangari zima, wazungu wakabaki wanatazama, mpwa wangu akalia mbele ya sajenti wake. Bibi mpigie video hapohapo, aone.

Ila sherehe ya ukumbi naomba isubiri wiki kadhaa, na muulizeni mwenyewe kama anaitaka. Wiki ya kwanza ni ndizi nyama ya mama na kulala. Wengine wakirudi kelele na umati vinawasumbua, hata baruti za tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, na wajomba waache kumuuliza kama ameua mtu, hilo swali likataeni kabisa. Ukiona halali au anajitenga, piga 988 halafu bonyeza 1, ni laini ya maveterani na familia pia wanaruhusiwa kupiga.

Heshima kubwa kuliko keki na picha ni kumsaidia kwenye makaratasi, na hapa vijana wetu wengi wanaachwa peke yao. Madai ya fidia VA (idara ya serikali ya maveterani) kwa goti, mgongo, masikio yaliyoumia jeshini, ayafungue akiwa bado na magwanda, kuna dirisha la siku 180 mpaka 90 kabla ya kutoka, likipita anasubiri zaidi. DD-214, ile karatasi ya kutoka jeshini, aisome mstari kwa mstari kabla hajasaini, jina, miezi aliyotumikia, medali, maana ndo itakayomfungulia GI Bill (serikali inamlipia miezi 36 ya shule), mkopo wa nyumba bila kianzio na mengine mengi. Orijino mtunze nyumbani. Moto wa 1973 kwenye hifadhi ya kumbukumbu za jeshi St. Louis uliunguza mafaili ya wanajeshi kati ya milioni 16 na 18, wazee wa watu wakahangaika kuthibitisha kwamba walitumikia.

---

Naongezea moja dada. Kama bado hujaweka ile bendera dirishani, nyeupe yenye ukingo mwekundu na nyota ya buluu katikati, weka, mama ana haki nayo na majirani wataelewa, ipo tangu vita ya kwanza 1917. Nyota moja kwa kila mtoto aliyeko jeshini. Angalia tu usiuziwe ya nyota ya dhahabu, hiyo ni ya waliofiwa. Ukikosa pa kuinunua niandikie pembeni.