Rxx haishuki hadi sifuri kwenye ν = 1/3: kosa la sampuli au la vipimo?

Mkaazi wa Tudor
Salaam aleikum wanafizikia. Tuna data ya athari ya Hall ya kwanta kwenye sampuli ya nusu-kipitishi GaAs/AlGaAs, iliyopimwa ng'ambo, uchambuzi twaufanya hapa Mombasa. Elektroni ni 1.2 × 10¹¹ kwa kila sm², joto 50 mK. Lok-ini (kipimio cha ishara ndogo za masafa maalumu) yatoa 0.1 V, 17 Hz, kupitia rezista ya 10 MΩ, kwa hiyo twahesabu mkondo ni 10 nA. Rxx (ukinzani wa kufuata mkondo) na Rxy (ukinzani wa Hall, wa kukingama mkondo) zilipimwa moja moja; ν ni idadi ya elektroni kwa kila kwanta ya mtiririko wa sumaku. Kwenye sumaku ya tesla 14.9 (T) tambarare ya ν = 1/3, yaani sehemu Rxy isipobadilika, ipo, imenyooka, lakini Rxy yasoma 76,250 Ω badala ya 77,438. Rxx, iliyotakiwa kufika sifuri, yakwama 590 Ω. Kwenye ν = 1 yakwama 66 Ω. Ajabu ni kwamba sumaku ikigeuzwa mwelekeo, Rxx yashuka sifuri. Mwenzangu asema kuna tabaka jingine linalopitisha umeme sambamba. Ni kweli?

Fundi wa Kizingo
Tabaka sambamba lingeonekana sumaku ikielekea kokote. Sampuli yako ni nzima. Tazama mlango wa lok-ini, pale ishara inapoingia: ukinzani wake kwa kawaida ni 10 MΩ hadi ardhini, kwa kila waya.

Elektroni za ukingoni huenda upande mmoja tu. Waya wa kwanza kwenye ukingo wenye volti ukinyonya mkondo kidogo, waya unaofuata hupata volti pungufu. Upungufu huo ni R/10 MΩ (R ni ukinzani wa Hall), yaani 0.77% kwenye 1/3. Zidisha kwa 77,438 upate takriban 600 Ω. Kosa hukua kwa mraba wa R, ndiyo maana 590 yako ni karibu mara tisa ya 66. Ukigeuza sumaku, waya hizo mbili zinaangukia ukingo wa ardhi, hakuna volti, hakuna cha kunyonywa.

Rxy nayo imepigwa mara mbili. Mlango wa lok-ini umekula 0.77%, na mkondo wenyewe haukuwa 10 nA kwa sababu sampuli ya 77 kΩ imeungana na ile 10 MΩ kwa msururu: 0.77% nyingine. Hesabu inatua palepale kwenye 76,250.

Bi Fizikia, Nyali
Naongezea la kebo, maana husahaulika. Kebo ya 1 nF kwa 17 Hz ni sawa na 9.4 MΩ, inanyonya karibu kama mlango wenyewe, ila kwa nyuzi 90, hivyo hutokea kwenye Y (sehemu ya ishara iliyopishana nyuzi 90 na mkondo; X ndiyo inayoenda nao sawia). Mliandika X au ukubwa wa jumla wa X na Y? Kama ni ukubwa, mmechanganya makosa mawili. Wakirudia, waweke amplifaya ya awali ya 1 GΩ au zaidi karibu na kraiostati (chombo cha baridi kali), washuke hadi 7 Hz hivi, na mkondo wausome upande wa ardhi badala ya kuukisia.

Mkitaka kujaribu saketi hapa kwetu, rezista ya 75 kΩ itawaonyesha kosa la Rxy peke yake. La Rxx halitokei kwenye rezista ya kawaida. Rezista yenye usahihi wa 1% haifai, kupotoka kwake kwakaribia kosa mnalolitafuta. Na bodi za GΩ kwa unyevu na chumvi ya pwani huvuja: safisheni mabaki ya flaksi (dawa ya kulehemu) kwa spiriti ya aisopropili, mkaushe kabla ya kupima.

Mkaazi wa Tudor
Ni X. Je, nikichukua wastani wa pande mbili za sumaku?

Fundi wa Kizingo
La, utabaki na nusu ya kosa, 295 Ω. Tumia upande unaofika sifuri. Hasa kama mnatafuta pengo la nishati (nishati ya kuzisisimua elektroni kutoka hali hiyo): sakafu ya 590 Ω hulaza grafu ya ln Rxx dhidi ya 1/T (hapa T ni joto) kwenye baridi kali, na mtu atadhani elektroni zimepashwa moto na mkondo wa kupimia. Kutofautisha ni rahisi, punguza mkondo hadi 1 nA. Elektroni zikiwa na moto, Rxx itashuka. Kosa la mlango litabaki ohmu zilezile.