Jopo huru la kupitia michoro ya maghorofa kabla ya kibali: liundwe vipi lisigeuke mhuri tu?

Mipango_Temeke
Wakuu, habari za kazi. Kuna wazo la halmashauri hapa Dar kuwa na jopo huru la wasanifu majengo na wataalamu wengine, lipitie michoro ya majengo makubwa kabla faili halijafika kwenye kamati ya madiwani ya mipangomiji. Maofisa wanakagua matumizi ya kiwanja, umbali wa kuacha mpakani na idadi ya ghorofa. Kama jengo litaupa mtaa kivuli au joto, hakuna anayeuliza. Jopo likae hatua gani, watu wangapi, nani alipe, na neno lake liwe na uzito gani?

Rula na Penseli
Hatua ndiyo inayoamua. Jopo likikaa baada ya maombi kupokelewa, mwendelezaji (mwenye mradi wa jengo) ameshamlipa mhandisi wa miundo na nguzo zimeshapangwa. Kinachobaki kubadilika ni rangi na madirisha. Likae mara ya kwanza michoro ikiwa bado ya awali, skeli ya 1:200 inatosha, mradi ionyeshe majengo ya jirani, mfereji wa mvua na mchoro wa mkato (unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima) unaopita barabarani mpaka upande wa pili. Bila mkato huo wajumbe watajadili sura ya mbele peke yake.

Mfano ulio wazi ni sakafu ya chini inayoinuliwa sentimita 60 kukwepa mafuriko. Mteremko wa kiti cha magurudumu kwa uwiano wa 1:12 unahitaji urefu wa mita 7.2, bado hujahesabu sehemu tambarare za juu na chini. Usipotengewa nafasi mwanzoni, zege lake litamwagwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, au utakuwa mkali kiasi cha kutotumika. Jua nalo vilevile: ukuta wa vioo unaotazama magharibi unapigwa na jua la chini saa za jioni, na kibaraza cha juu ya dirisha hakilizuii. Dawa ni kuelekeza kuta ndefu kaskazini na kusini, au kuweka vizuizi vya wima. Hayo hayarekebishiki kwa barua ikiwa msingi umeshachimbwa. Waulize pia jenereta, matangi na mashine za nje za viyoyozi zinakaa wapi. Mara nyingi hazimo kabisa kwenye mchoro, kisha zinaishia kupuliza hewa ya moto usoni mwa wapita njia.

Mkaguzi wa Faili
Naomba tahadhari. Faili moja tayari linapita kwa mipangomiji, mhandisi, afya na zimamoto. Mkiongeza meza nyingine bila kikomo cha siku, watu watajenga bila kibali. Pia tangu jengo liporomoke Kariakoo Novemba 2024, kila anayesikia "jopo" anadhani litapima uimara. Halitapima. Nguzo, udongo na uchimbaji ni kazi ya wahandisi waliosajiliwa, na hati ya kuunda jopo iseme hivyo waziwazi, ili mwendelezaji asije akaishika barua ya jopo kama cheti cha usalama.

Rula na Penseli
Nakubaliana kabisa. Ndiyo maana liite majengo machache: tuseme ghorofa zaidi ya sita, yale yanayopakana na barabara za mwendokasi, na yanayogusa majengo ya kihistoria katikati ya jiji. Nyumba ya familia isiguswe.

Sanifu_Mtaa
Kuhusu uhuru, Uingereza wana uzoefu mrefu. Royal Fine Art Commission, tume ya kushauri kuhusu usanifu, ilianza 1924, nafasi yake ikachukuliwa na tume nyingine ya usanifu majengo, CABE, mwaka 1999, nayo ikaunganishwa na Design Council, shirika la masuala ya ubunifu, 2011. Siku hizi halmashauri nyingi zina majopo yao. Sera yao inazitaka mamlaka za mipango zizingatie mapendekezo ya jopo, lakini mwenye kuamua ni mamlaka yenyewe. Hapa pia Sheria ya Mipangomiji ya 2007 imeikabidhi halmashauri madaraka hayo, kwa hiyo jopo lishauri tu, na kamati ikikataa ushauri iandike sababu kwenye muhtasari.

Wajumbe wawe orodha ya watu 15 hadi 20, wanaokaa watano kwa zamu: wasanifu wawili, mpangamiji, mtaalamu wa mandhari na mifereji, na mmoja anayejua mahitaji ya watu wenye ulemavu. Chuo Kikuu Ardhi na bodi za usajili zinaweza kupendekeza majina. Kila mjumbe asaini tamko la maslahi kabla ya kuona michoro. Mwenye kazi kwa mwendelezaji huyo, au kwenye kiwanja cha jirani, atoke. Ada ilipwe halmashauri kwa kumbukumbu namba, na posho itoke huko. Mwendelezaji asimpe mjumbe hata nauli.

Kikao kianzie kiwanjani. Halafu dakika 20 za kuwasilisha, 15 za maswali, 40 za mjadala, ofisa anayeshika faili akiwepo mwanzo hadi mwisho. Barua itoke ndani ya siku 10 za kazi, isizidi kurasa mbili. Hapa ndipo majopo mengi yanaharibu: wanaandika "muonekano uboreshwe", au wanaanza kuchora jengo upya. Aandike mwenyekiti peke yake, ataje namba ya mchoro, tatizo, na nani anaumia. Kwa mfano: "Mchoro namba 04, mlango wa gari la taka unakata njia ya miguu karibu na kituo cha basi, uhamishiwe uchochoroni."

Mipango_Temeke
Asanteni sana wakuu. Je, barua iwekwe hadharani?

Sanifu_Mtaa
Ya kikao cha awali ibaki siri kati ya jopo, mwendelezaji na ofisa, la sivyo hakuna atakayeleta michoro mapema. Maombi yakishapokelewa, jopo likae tena, na barua ya kikao hicho cha pili iingie kwenye faili na ibandikwe ubao wa matangazo wa kata pamoja na maombi yenyewe.