Nipo Muscat, kiwanja kipo Pongwe: hati ya uwakilishi niisainie wapi?

BintiPongwe:
Habari zenu jamani. Nafanya kazi Muscat, huu mwaka wa tano. Nina kiwanja Pongwe, Tanga, kina hati kwa jina langu, nataka mdogo wangu aniuzie. Alichapisha steshenari karatasi ya nguvu ya kisheria, yaani hiyo hati ya uwakilishi ya kumruhusu auze kwa niaba yangu, akanitumia WhatsApp, nikaitoa, nikasaini, nikapiga picha nikamrudishia. Akaipeleka kwa wakili igongwe muhuri, wakili kakataa. Mnunuzi anaanza kuchoka. Huyu wakili anataka chochote, au kosa lipo kweli?

KaraniTanga:
Dada, wakili huyo kakutendea wema. Nilikuwa karani kwenye ofisi ya wakili hapa Tanga miaka 11, na jambo hili tulivutana na wateja kila wiki. Ule muhuri hausemi kwamba karatasi ni nzuri. Unasema: mtu huyu amefika mbele yangu, namfahamu au ametambulishwa kwangu, amesaini nikimwona, tarehe hii. Wewe ulikuwa Muscat. Angegonga, angekuwa ameandika uongo.

Kuna siku vijana walituletea karatasi ya baba yao ikiwa na dole gumba tayari, wino umeshakauka. Bosi akakataa, akaniambia nichukue kidau cha wino tumfuate mzee nyumbani. Kidole bado kilikuwa cha buluu. Nikamsomea mstari kwa mstari, maana hajui kusoma. Nilipofika kwenye "kuuza", akanyanyua mkono: "Kuuza? Mimi niliambiwa kupangisha." Kidau kilirudi ofisini hakijafunguliwa.

Wewe nenda ubalozi wetu hapo Muscat na pasipoti yako, na picha ndogo zako na za mdogo wako. Usisaini nyumbani, saini mbele ya ofisa. Humo ndani iandikwe namba ya kiwanja, kitalu na eneo, na neno lenyewe "kuuza". "Kusimamia" peke yake haitakufikisha. Kama unataka apokee fedha, nalo liandikwe. Umeolewa? Andaa na ridhaa ya mumeo mapema. Kisha itume karatasi yenyewe, siyo picha. Ikifika huku inalipiwa ushuru wa stempu na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati kabla ya kuuza.

Baharia76:
Samahani kudandia. Marehemu baba alinipa hati kama hiyo mwaka 2019, ina muhuri na imesajiliwa. Naweza kuitumia kuuza shamba lake?

KaraniTanga:
Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Hapana. Uwakilishi umekoma siku aliyofariki, hata kama muhuri unang'aa. Ukiitumia sasa unajitafutia kesi, na mnunuzi atapoteza fedha zake. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mmpendekeze msimamizi wa mirathi, muende nao mahakamani.

BintiPongwe:
Ahsante sana kaka, nilikuwa nimeshamkasirikia wakili wa watu. Jumapili naomba ruhusa kazini niende ubalozini. Ila fedha nataka ziingie kwangu moja kwa moja. Hilo la kupokea fedha nilitoe?

KaraniTanga:
Litoe. Andika mnunuzi alipe kwenye akaunti yako, na namba ya akaunti uiweke humo humo.