Padri wa parokia anafanya nini Jumatatu mpaka Jumamosi? Mdogo wangu anataka seminari, mzee kagoma

Kaka_wa_Sumbawanga
Habari zenu wana jukwaa, naombeni mnijibu kwa upendo maana nyumbani hali si shwari. Mdogo wetu wa mwisho kamaliza form six, kaja kasema anaenda kwa paroko aandikiwe barua ya seminari kuu, anataka upadri wa jimbo, chini ya askofu, sio wa shirika la watawa. Mama kalia kwa furaha. Mzee kanyamaza siku mbili, halafu jana tunakula ndo akatamka, padri anasoma misa mbili Jumapili asubuhi basi, wiki nzima inayobaki anakaa anakula vya waumini, mwanangu ana kichwa cha uinjinia hawezi kwenda kukaa. Dogo akaacha ugali akatoka nje, mpaka tunalala hajarudi mezani. Mimi ndo mkubwa, nimeambiwa niongee na mzee, ila kusema ukweli na mimi sijui. Nimebatizwa, nimefunga ndoa kanisani, lakini maisha ya padri nayaona kwa nje tu. Anafanya nini hasa? Na akizeeka nani atamtunza, hana mke hana mtoto?

Katekista_Kigangoni
Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu yangu, huyo mzee simlaumu, anayekaa karibu na kanisa la parokia anamwona padri altareni na kwenye gari basi. Njoo huku kwetu vigangoni, kwenye makanisa madogo yaliyo chini ya parokia. Parokia yetu ina vigango 14 na mapadri 2, hapo hujahesabu shule na zahanati, kwa hiyo kigango kikipata misa mara moja kwa mwezi tunashukuru, Jumapili nyingine naongoza ibada mimi bila padri.

Nikusimulie siku moja tu. Masika ya mwaka juzi tulimtegemea paroko saa nne asubuhi, mto ukajaa, akafika saa tisa alasiri na pikipiki ya kuazima, begi la misa kalifunga kwenye nailoni asilowe, yeye mwenyewe tope mpaka magotini. Mke wangu akaleta chai, akasema ngoja kwanza watu waungame maana wamekaa toka asubuhi. Akakaa kwenye kigoda nyuma ya kanisa, foleni ndefu. Sasa kulikuwa na bibi mmoja masikio yamekufa kabisa, na mtu asiyesikia anaongea kwa sauti, alipoanza tu kuungama foleni nzima ikasikia. Paroko akanyanyuka, akabeba vigoda vyote viwili, akamshika bibi mkono akaingia naye ndani kwenye shamba la mahindi mpaka hatukuwaona tena. Walikaa huko sana. Bibi alitoka anafuta macho na kanga, paroko nyuma yake kabeba vigoda.

Misa ilianza giza limeingia kwa taa ya sola, akabatiza watoto 11, na baada ya hapo watu wawili wa tumbo moja wakamletea kesi ya mpaka wa shamba, akawasikiliza mpaka saa nne usiku. Alilala sakristia. Alfajiri nilipoenda kugonga kengele nikamkuta anasali masifu ya asubuhi na tochi, kisha akaondoka kwenda kigango kingine. Hiyo ilikuwa Jumatano, mwambie mzee.

Mama_wa_Padri
Mwanangu, mimi wangu ana miaka 7 ya upadri. Usiku saa nane simu inaita, mgonjwa anakata roho anahitaji mpako wa wagonjwa, anaamka anakwenda, hajui nani anamsubiri huko njiani. Misiba ndo usiseme. Alishawahi kuzika watu watatu wiki moja na Jumamosi yake akafungisha ndoa, anabadilisha uso hapo hapo. Kinachoniuma mimi ni upweke, wageni wakishaondoka anakula peke yake meza ya watu sita. Na barua ya askofu ikija ya uhamisho anafungasha, alishazoea watu, kajenga madarasa, anaviacha. Kwa hiyo mwambie baba yenu, mkimruhusu mtoto msimwache. Nyumbani pawe kwake. Mimi chumba chake sijampa mtu.

Mhasibu_Mstaafu
Nilikuwa kwenye kamati ya fedha ya parokia miaka 6 nizungumzie hela. Padri wa jimbo haweki nadhiri ya ufukara kama watawa, anaahidi utii kwa askofu na useja, ila pesa ya parokia si yake. Sheria ya Kanisa ya 1983 inadai kila parokia iwe na halmashauri ya uchumi, na sisi tulikuwa tunakagua mpaka bahasha za zaka. Nia za misa nazo, yaani sadaka ya anayeomba misa isomwe kwa ajili ya jambo lake, hata akisoma misa tatu siku moja sadaka inayobaki kwake ni ya misa moja tu, nje ya Krismasi. Kila Jumapili na sikukuu za amri paroko lazima atoe misa moja kwa ajili ya waumini wake wote, hiyo halipwi na mtu. Akifika miaka 75 anaombwa aandike barua ya kung'atuka, na jimbo ndo linalobeba suala la makazi na matunzo yake. Majimbo hayalingani lakini, mengine ni maskini kweli, kwa hiyo ushauri wa mama hapo juu mshike.

Niliishia_Falsafa
Mimi nilitoka mwaka wa pili falsafa na sijutii kuingia wala kutoka. Mzee aelewe kwamba barua ya paroko sio upadri, kuna mwaka wa malezi, falsafa, theolojia miaka 4, ushemasi, jumla haipungui miaka 8 na njiani wengi wanagundua si njia yao na walezi wenyewe wanakuambia. Na tusidanganyane, wapo mapadri waliovunjika, upweke ukawaingiza kwenye pombe, nimewaona kwa macho. Ndo maana miaka ni mingi vile.

Hilo la kichwa cha uinjinia nalo, mtakatifu msimamizi, yaani mwombezi, wa maparoko ni Yohane Maria Vianney wa Ufaransa, Kilatini kilimshinda nusura asipadrishwe, akapelekwa 1818 kijiji cha Ars chenye watu kama 230. Miaka yake ya mwisho alikuwa anakaa kitubioni akiungamisha watu mpaka masaa 16 kwa siku, watu wanatoka nchi nzima kumfuata, mpaka akafa Agosti 4, 1859 akiwa bado paroko wa hapo hapo. Lakini mwenye akili nyingi naye asizuiwe, huko kijijini utaombwa uchore ramani ya kanisa, usimamie kisima, uandike barua ya mtu kwenda ardhi. Uinjinia wake atautumia.

Kaka_wa_Sumbawanga
Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili. Jioni nimemsomea mzee ile ya katekista, nilipofika kwenye vigoda akanizuia akaniuliza huyo bibi bado mzima? Nikamwambia sijui. Akakaa kimya. Katekista kama upo tujibu tafadhali. Paroko wetu anakwenda kigangoni Alhamisi, nimemwomba tumfuate mimi na mzee na dogo, kakubali, na mzee kaniuliza gumbuti zake nimeziweka wapi.

Katekista_Kigangoni
Bibi alifariki mwezi wa tatu mwaka huu. Paroko alimwahi na mpako.