Kwenye kioo kapendeza, kwenye kamera uso umekuwa keki, nakosea wapi?

BrashiMoja: Wakuu habari za jioni. Mi napamba maharusi hapa Dar mwaka wa sita sasa, juzi nikapata dili la kupamba wasanii wa tamthilia, kamera zao za 4K. Nikapaka kama navyompaka bibi harusi, fandesheni nzito, konsila, poda ya kutosha maana jasho la Dar mnalijua, dada wa watu kwenye kioo anang'aa kama mwezi. Kufika kwenye monita ya dairekta nilitamani ardhi ipasuke. Poda imeganda kwenye malaika za shavuni, kona za mdomo zimepasuka kama udongo wa kiangazi, na wigi la lesi lina mstari wa kijivu pale kwenye paji utadhani plasta. Kariakoo nimeona poda zimeandikwa HD, nikinunua itasaidia au ndo napigwa? Jumamosi narudi lokesheni.

fundi_taa: Dada pole. HD ya kawaida ni 1920 kwa 1080, 4K ni 3840 kwa 2160, yaani nukta mara nne, halafu sisi tunapenda taa ya pembeni, kila kimlima usoni kinatupa kivuli. Usipambie chumbani kwenye taa ya dari, ile ya kijani kijani inakudanganya rangi. Muulize fundi wa taa anatumia 5600 au 3200, yaani kipimo cha rangi ya mwanga (Kelvin), 5600 ni mweupe kama wa mchana, 3200 ni wa njano kama balbu, ukae chini ya taa kama hiyo hiyo. Na usikimbie, kaa karibu na monita, klozapu, ile picha ya uso kwa karibu, ndo kioo chako.

ShangaziPoda: Usinunue kwa ajili ya maandishi ya kopo mwanangu. Nyingi ya hizo ni silika, unga laini wa madini, nyeupe lakini ukipaka haionekani, kwenye video ukiweka kiduchu haina shida. Shida ni flashi, mwanga unagonga silika unarudi moja kwa moja kwenye lensi, chini ya macho panabaki unga. Angelina Jolie mwenyewe yalimkuta New York 2014, picha zikazunguka dunia nzima. Kwa hiyo siku mpiga picha za mabango ya tamthilia akija na flashi yake, poda hiyo iache nyumbani, na krimu za jua zenye zinki pia.
Ila tatizo lako wewe ni wingi. Fandesheni kidogo, igongegonge na sponji yenye unyevu, konsila weka kwenye doa tu sio uso mzima, na rangi ilingane na kifua maana shingo haidanganyi. Akitoka jasho BONYEZA TISHU KWANZA, ukirushia poda juu ya jasho ndo hiyo keki yako.

msusi_wa_seti: Mmesahau nywele jamani. Huo ukijivu ni rangi ya lesi, haijafanana na ngozi. Iloweke kwenye chai ya rangi iliyokolea, au ipake fandesheni yake kwa ndani. Ukingo kata kwa zigizaga, usinyooshe kama rula, na nyonyoa nywele za mbele zipungue, hakuna binadamu nywele zake zinaanza zote kwa mkupuo. Vile vinywele vinavyosimama taa ya nyuma inaviwasha kama nyaya, chukua mswaki mpya, upulizie sprei mswaki wenyewe, pitisha taratibu. Gundi nyingi inang'aa, punguza.

BrashiMoja: Nimerudi wapendwa. Fandesheni nimetumia nusu ya ile ya juzi, tishu nimemaliza boksi mbili, lesi nimeichemshia chai mama mkwe akaniuliza mgeni gani anakuja. Dairekta hajaniita hata mara moja kwa siku nzima, mi nahesabu hiyo ni sifa. Sasa kuna mzee anaigiza baba mwenye nyumba, ana kipara kinawaka kama sufuria, nampaka nini?

ShangaziPoda: Tishu, halafu poda ya rangi yake kwa brashi kubwa, kidogo sana. Ukimpaka ile nyeupe kitageuka kijivu, atakuja kukulaumu mke wake.