Stenti ya kichwani: ya kujifungua yenyewe, ya puto au yenye dawa, ipi afadhali?

BintiMzee
Habarini wakuu, naomba msaada kwa mwenye uelewa. Mzee wangu alilegea mkono wa kulia maneno yakagoma kutoka, ikapita yenyewe baada ya muda, kupigwa angiogramu (picha ya mishipa ya damu) ikaonekana ateri ya katikati ya ubongo upande wa kushoto imebana asilimia 80 sababu ya mafuta. Tumeambiwa habari za stenti, kile kiwavu cha kuweka ndani ya mshipa ukae wazi, kuna inayojifungua yenyewe, kuna ya puto, kuna zenye dawa. Zinatofautianaje na ipi salama? Ndugu wote wananiangalia mimi.

Zamu_ya_usiku
Pole sana dada. Nafanya kazi chumba cha angio. Ya kujifungua yenyewe, mfano Wingspan, ni wavu wa nitinoli (chuma kinachorudi chenyewe kwenye umbo lake) uliokunjwa ndani ya katheta, yaani mrija mwembamba. Linatangulia puto dogo kutanua mshipa, linatolewa, ndo stenti inafuata kwenye waya uleule, wavu ukiachiwa unafunguka taratibu. Ni laini inapita kona vizuri, lakini huko kubadilisha vifaa juu ya waya ambao ncha yake iko ndani kabisa ya ubongo ndo kunatutoa jasho, waya ukisogea kidogo tu unaweza kutoboa kamshipa damu ikavuja. Ya puto inapanda ikiwa imebanwa juu ya puto lake, ukijaza mara moja imekaa na mshipa unafunguka zaidi. Ila ni ngumu, na mishipa ya wazee imepindapinda, halafu ukilijaza kupita kiasi mshipa unapasuka.

MsomaTafiti
Dada kabla ya ipi, uliza kwanza kama anahitaji stenti kabisa!! Utafiti wa SAMMPRIS wa Marekani uliotoka 2011 ulichukua wagonjwa 451 waliobana asilimia 70 mpaka 99, wengine Wingspan pamoja na dawa, wengine dawa tu. Ndani ya siku 30 kiharusi au kifo kilifika asilimia 14.7 kwa wenye stenti na 5.8 kwa wa dawa, wakasitisha kuingiza wagonjwa. Watu wakadhani labda tatizo ni aina ya stenti, 2015 ikatoka VISSIT iliyotumia ya puto, nako wenye stenti wakafanya vibaya kuliko wa dawa. Sababu moja ni vile vimishipa vyembamba kama nywele vinavyotoka palepale palipobana, stenti ikitanuka inasukuma mafuta yanaziba midomo yake. Hizo dawa zenyewe zilikuwa za nguvu: aspirini na klopidogreli (za kuzuia damu kuganda) pamoja kwa siku 90, statini kolesteroli mbaya ishuke chini ya 70, presha namba ya juu chini ya 140, na sigara kuacha kabisa. 2012 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ikabana matumizi ya Wingspan, iwe kwa aliyepata viharusi viwili au zaidi akiwa tayari kwenye matibabu hayo.

BintiMzee
Asanteni mno, mzee hata statini hajawahi kupewa! Na hizo zenye dawa je?

MsomaTafiti
Hajapewa statini?? Basi anzieni hapo, kesho mkamuulize daktari kwa nini. Zenye dawa zinatoa dawa kidogo kidogo kama sirolimasi ili ngozi ya ndani ya mshipa isiote kupita kiasi ikabana tena. Utafiti wa NOVA wa China, 2022, baada ya mwaka waliobana tena ni asilimia 9.5, stenti za kawaida zisizo na dawa 30.2. Tofauti kubwa hiyo, ila walishindanisha stenti kwa stenti, sio stenti na dawa za kumeza. Mimi ningekuwa na mgonjwa ambaye dawa za kumeza zimeshindwa kweli, ningeuliza hiyo stenti yenye dawa kwanza.

Zamu_ya_usiku
Nakubaliana. Na dada, kama mzee anameza omeprazoli ya vidonda vya tumbo mwambieni daktari mapema, inapunguza nguvu ya klopidogreli, kuna dawa nyingine za tumbo anaweza kubadilishiwa.