Hadithi ya katuni ninayo, kuchora sijui: nimlipe mchoraji au tugawane?

Kalamu_ya_Mbagala: Wakuu, nina hadithi ya kondakta wa daladala anayesikia mawazo ya abiria. Kuchora sijui kabisa. Nimepata wachoraji wawili: mmoja anataka hela kwa kila ukurasa, mwingine hataki hela, anataka tugawane mapato nusu kwa nusu. Natakiwa nijibu kabla ya Jumamosi. Yupi?

Bi_Wino: Kurasa ngapi? Rangi au wino mweusi? Unachapa au unaweka mtandaoni? Unauliza bei ya kushona hujasema gauni au shati.

Babu_Stesheni: Lipa, andikishianeni, basi. Nusu ya mapato yapi?

Fremu_Sita: Sikiliza yaliyonikuta. Nilikubaliana na jamaa kwa mdomo, nusu kwa nusu, kurasa 32. Tano za kwanza moto kweli. Ya sita ikaja baada ya miezi miwili, na kovu la shujaa wangu limehama shavu la kushoto, liko la kulia. Nauliza, najibiwa "nani ataangalia?" Baada ya hapo simu hapokei. Siku moja naenda kunyoa, namkuta shujaa wangu ukutani kwenye kinyozi, na kovu lake, anatangaza skrabu! Nikampigia kwa namba nyingine. Anasema sura kaichora yeye, ni yake. Karatasi ya kumwonyesha sina.

Kalamu_ya_Mbagala: Duh, pole mkuu. Yangu ni kurasa 18, rangi, nataka kuchapa. Bajeti niacheni nayo.

Bi_Wino: 18 haigawiki kwa 4. Kitabu cha kubana pini, kila karatasi ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hiyo kinakwenda 16 au 20. Hebu tupia maelezo ya fremu ya kwanza, yaani kisanduku cha kwanza cha picha, tuone.

Kalamu_ya_Mbagala: "Fremu 1: Kondakta ananing'inia mlangoni, anaruka chini, anamkimbilia abiria na chenji, anarudi garini."

Bi_Wino: Hizo fremu nne, kaka. Picha haitembei. Chagua tendo moja, mfano mguu mmoja hewani na noti mkononi.

Babu_Stesheni: Na rangi ya nini? Akina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, wale wa katuni za gazeti la Sani, walituvunja mbavu bila rangi.

Wa_Kayole: Huku Nairobi katuni ya Shujaaz ilianza 2010, rangi tupu, Sheng, na ilikuja bure ndani ya gazeti. Vijana hawangesoma nyeusi na nyeupe.

Babu_Stesheni: Bure kwako, kuna aliyelipa. Huyu wa Mbagala mfadhili wake nani?

Fremu_Sita: Babu, na Madenge wa Sani je? Nilikuwa namsoma chini ya dawati.

Babu_Stesheni: Ninalo sanduku zima la Sani za marehemu kaka. Mende wamekula majalada tu, ndani safi.

Wa_Kayole: Unauza, mzee? Kuna basi la kesho.

Kalamu_ya_Mbagala: Wakuu, kesho ndiyo Jumamosi.

Babu_Stesheni: Sanduku siuzi. Moja moja tunaweza kuongea.